RAID si bakapu: historia fupi

Kila nikisikia mtu akisema "data yangu iko salama, nina RAID", huwa nasita kidogo. Kauli hiyo ina historia yake, na leo tuipitie.

Diski ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya IBM, kwenye mashine ya RAMAC ya mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Picha mbili tatu za simu ya leo zingeijaza! Kwa bei ya wakati ule, nani angetumia diski kuwekea nakala? Nakala zilienda kwenye utepe wa sumaku, na utepe ukafungiwa kabatini. Ulikuwa wa polepole, lakini ukishautoa kwenye mashine, hakuna amri ya kompyuta iliyoweza kuufikia.

Mwaka 1984 Sun walitoa NFS, na kompyuta moja ikaweza kutumia mafaili ya nyingine kana kwamba ni yake. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley wakaandika kuhusu RAID: badala ya diski moja ya bei ghali, unganisha nyingi za bei nafuu, na uhifadhi data ya ziada ili moja ikifa kazi iendelee. Hapo ndipo watu walipochanganya mambo. RAID inakukinga na kifo cha diski, basi. Ukifuta faili, nayo inatii na kulifuta kote.

(Rsync ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ya 1996, hutuma sehemu zilizobadilika tu. Kwa mtandao wa polepole, hiyo ni neema.)

Sasa tazama GitLab, usiku wa Januari 31, 2017. Hifadhidata yao ilinakiliwa moja kwa moja hadi seva ya pili. Unakili ukakwama, na mhandisi akitaka kuurekebisha akafuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Alipositisha amri, kati ya GB 300 hivi zilibaki 4.5. Wakakimbilia bakapu za kila siku: hamna kitu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la PostgreSQL lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara. Na barua pepe za kutoa tahadhari? Zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua, hakuna aliyeziona.

Walirudi hewani baada ya saa 18 hivi, wakiwa wamepoteza data ya saa 6. Hata hiyo iliyopona ilitoka kwenye nakala ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameipiga kwa mkono mapema siku hiyo, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa.