Kipimo Mkononi mwa Kiongozi

Katika miaka ya 1940, mkulima wa pamba wa Mugango au Majita, katika Mkoa wa Mara wa leo, aliyefikisha mzigo wake kwa mnunuzi alikuwa na jambo moja asiloweza kulithibitisha, nalo ni uzito. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma alikuwa karani wa mnunuzi, na stakabadhi iliandikwa na mkono uleule. Kilio cha kupunjwa kilienea kote Kanda ya Ziwa. Wakulima walipoanza kujipanga, hawakuikataa mizani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kuisoma na wasiolipwa na mnunuzi.

Kutoka katika jitihada hizo walitokea viongozi wa ushirika, na aliyevuma kuliko wote alikuwa mtoto wa nchi hii ya Mara. Paul Bomani alizaliwa Ikizu mwaka 1925, akafanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akaongoza chama cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na kabla ya uhuru pamba ya kanda nzima ilikuwa ikipita mikononi mwao. Mafanikio hayo yalitokana na umoja, lakini vilevile na kiongozi aliyekubali kukaa darasani ili ajue hesabu za chombo anachokiongoza.

Baadaye chombo kikakua kuliko elimu ya waliokisimamia. Vyama viliongezeka haraka baada ya uhuru, na mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza mwenendo wa ushirika. Kamati hiyo ilikuta wizi, upendeleo na uhaba wa watumishi wenye ujuzi. Ilikuta pia wanachama na wajumbe wasio na elimu ya kutosha kuwauliza makatibu wao maswali ya maana. Leja zilikuwepo na ziliandikwa, lakini wengi wa wenye mamlaka ya kuzikagua hawakuweza kuzisoma. Mwaka 1968 nafasi ya Shirikisho ilichukuliwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza.

Wakati huohuo, Dar es Salaam, chombo kingine cha hesabu kilikuwa kimeingia. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilisimika kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 ya kampuni ya Uingereza. Bomani ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu 1962. Mwaka huo wa 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge, na wizara ikaenda kwa Amir Jamal. Miaka michache baadaye mashine ya kwanza ilipisha nyingine kubwa zaidi, na hesabu za Serikali zikahamishiwa humo.

Kazi haikwenda vizuri. Taarifa zilichelewa, makosa yakazidi, na hesabu zikavurugika hadi ikalazimu kurudi kwenye njia za zamani. Lakini sababu kubwa haikuwa ubovu wa mashine. Walioipanga kazi, kuiandikia programu na kuiendesha walikuwa kwa kiasi kikubwa wataalamu wa kigeni, na maofisa wa juu waliopaswa kuwasimamia hawakuwa na ujuzi wa kuhoji walichoambiwa. Waliidhinisha mambo wasiyoyaelewa, na madhara yalipotokea hawakujua pa kuanzia kurekebisha.

Baada ya msukosuko huo, mwaka 1974 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wakati huo kompyuta zilizokuwapo zilikuwa chache mno, na taasisi iliyotaka nyingine ililazimika kuomba kibali maalumu. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: fedha za kigeni zilikuwa haba, na Mwalimu, mzaliwa wa Butiama, aliliongoza taifa lililotaka kujitegemea. Hata hivyo ulikuwa na gharama. Kizazi kizima cha mameneja, wahasibu na makatibu wakuu kilipanda vyeo bila kuigusa kompyuta, na masharti yalipolegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980 na kuondolewa miaka ya 1990, wengi wao walianzia mwanzo wakiwa tayari mabosi. Hapo ndipo mazoea mapya yalipoota. Kompyuta iliwekwa mezani kwa katibu muhtasi, na mkuu akaendelea kusaini karatasi zilizochapwa.

Ngazi za chini za utawala na ushirika nazo zilikuwa na historia yao. Serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zilirudishwa 1984. Vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa 1976 viliruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, na Mara ikapata chama chake kikuu. Zahanati zilijaza vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA kwa kalamu. Mwaka 2012 Wakala wa Serikali Mtandao ulianza kazi, na mwaka 2019 sheria ikaugeuza kuwa mamlaka kamili.

Mengi ya mabadiliko yaliyomfikia mkuu wa shule na mganga mfawidhi wa kijijini yalikuja katika miaka miwili tu. Kuanzia Januari 2016 fedha za elimu bila malipo zilipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya nazo zilikwenda moja kwa moja kwenye vituo. Pamoja na fedha ukaja mfumo wa FFARS wa kuandika mapato na matumizi ya kila kituo, na PlanRep iliyoboreshwa kwa ajili ya mipango na bajeti. Mwaka huohuo wa 2017 malipo ya wananchi kwa Serikali yalianza kupita mfumo wa GePG, kwa namba maalumu ya malipo. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa manunuzi wa NeST, na baada yake tathmini ya watumishi ikahamia PEPMIS.

Basi kata kama Mugango, kando ya Ziwa Victoria katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, leo ina viongozi wenye majukumu ambayo zamani yalikuwa ya mhasibu wa wilaya. Mwalimu mkuu anayetaka kujenga choo cha wanafunzi hupitia mfumo wa manunuzi. Mganga mfawidhi huomba dawa, huandika matumizi na hutuma takwimu kwa njia ya mtandao. Mtendaji wa kijiji hukusanya ushuru kwa mashine ya POS.

Mifumo hii imeleta uwazi ambao leja haikuwa nao. Lakini miaka hiyohiyo imetuonyesha kwamba mfumo haumfanyii kiongozi kazi ya uongozi. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipoamuru uhakiki, yaligunduliwa majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa katika orodha ya mishahara. Orodha hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta. Mashine iliwakokotolea mishahara kwa usahihi watu wasiokuwepo kazini, kwa sababu wakuu waliokuwa na wajibu wa kuihakiki hawakuihakiki. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu nazo zimerudia mwaka baada ya mwaka kutaja mapato yaliyokusanywa kwa POS na kutofika benki. Mashine iliandika, lakini aliyepaswa kulinganisha maandishi hayo na hati za benki hakufanya hivyo kwa wakati.

Ndiyo maana nasema ujuzi wa kidijitali kwa kiongozi ni wajibu wa madaraka yake. Hatumtaki mkuu wa idara awe fundi wa kompyuta. Tunamtaka afungue mfumo mwenyewe, aone salio, alilinganishe na taarifa za benki, na atambue muamala uliokaa vibaya. Ajue nani ana ruhusa ya kuingiza na nani ana ruhusa ya kuidhinisha, na ahakikishe watu hao ni wawili. Mifumo imetenganisha hatua hizo kwa makusudi. Mkuu anayempa karani nywila yake kwa kuwa “ana haraka” ameukabidhi ulinzi wote kwa mtu mmoja, na siku ya ukaguzi jina litakaloonekana ni lake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, vilevile anawajibika kwa siri za wagonjwa, wanafunzi na wanachama zilizomo katika vifaa vya ofisi yake.

Elimu hiyo haipatikani kwa semina ya siku moja ambayo mkuu huwakilishwa na kijana wake wa TEHAMA. Halmashauri na vyama vya ushirika vitenge fedha na muda wa kuwafundisha wakuu wenyewe, kwa Kiswahili, kwa kutumia hesabu halisi za vituo vyao. Wenyeviti wa vijiji, kamati za shule na bodi za vyama nao wafundishwe kusoma taarifa zinazotoka humo, kwa kuwa hao ndio wanaosimama mahali pa mwananchi. Kamati ya 1966 ilionya kuhusu wajumbe wasioweza kuhoji, na hazina ya taifa ikalipa gharama ya kosa hilohilo kwa kompyuta zake za mwanzo. Hatuna sababu ya kulilipia mara ya tatu.