Tusiitwe Wakati wa Kuchimba Mtaro Tu

Juma hili tuzungumzie neno moja lisilokosekana katika hotuba za maendeleo, nalo ni kushirikisha wananchi. Karibu kila mradi wa maji, zahanati au shule husemwa kwamba umewashirikisha wananchi. Lakini ukiuliza walishirikishwa katika lipi, mara nyingi utaambiwa kwamba walichimba mtaro, walisomba mawe, au walitoa mchango wa fedha. Ni wachache watakaokujibu kwamba waliulizwa kisima kichimbwe wapi. Kuitwa kuchangia ni jambo moja, na kuitwa kuamua ni jambo jingine. Historia ya Tabora, na ya nchi yetu kwa jumla, inaonyesha kuwa huduma nyingi zimeishi au zimekufa kwa sababu ya tofauti hiyo.

Tuanzie Gongoni, mojawapo ya kata za mji wa Tabora. Kata nyingine ya mji huohuo inaitwa Chemchem, na jina hilo latosha kutukumbusha kwamba mji huu, kama miji yote ya njia ya misafara, uliishi kwa maji. Katika karne ya 19 njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji. Ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu, na pia, kwa masikitiko yetu, binadamu waliouzwa utumwani.

Njia hiyo haikuendeshwa kwa amri ya mtu mmoja. Wapagazi wa Kinyamwezi walijua thamani ya mabega yao. Walibishana na wenye mali juu ya posho, juu ya urefu wa mwendo wa siku na juu ya mahali pa kupiga kambi, na wasiposikilizwa waliweza kutua mizigo chini au kutoroka. Kule Ugogo, ambako maji ni haba, misafara ililipa hongo kwa watawala wa pale ndipo ipite na kupata maji. Wasafiri walinung'unika sana. Lakini mwenyeji aliona ni haki yake, kwa kuwa msafara ungeondoka kesho na yeye angebaki na kisima chake na kiangazi chake.

Makubaliano yalipovunjika, njia nayo ilikufa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, ambao walikuwa upande wa Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Waarabu walidhani bunduki zingeifungua. Walipigwa vibaya, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Njia ya umma haiwezi kupita katika nchi ya watu wasiokubaliana nayo.

Sasa tuje kwenye zama zetu za uhuru. Mwaka 1965 Serikali Kuu iliamua kubeba gharama za kujenga miradi ya maji vijijini. Mwaka 1971 ukaanzishwa mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo la heshima, na wala hatupaswi kulidhihaki. Wafadhili waligawana mikoa: Waholanzi Shinyanga, Waswidi Mwanza, Mara na Kagera, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini Mtwara na Lindi. Michoro ilichorwa, mabomba yakaletwa, pampu zikafungwa.

Lakini katika miaka hiyohiyo mahali pa kuulizia mwananchi palikuwa pakizibwa. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa, na maamuzi yakawa mikononi mwa maofisa. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1968 liitwalo Uhuru na Maendeleo, alikuwa ameeleza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Hata hivyo mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri. Watu walihamishwa, na mara nyingi vijiji vipya vilipangwa kwa mistari kando ya barabara ili iwe rahisi kupeleka huduma. Mkulima aliyejua ni bonde gani lina maji mwezi wa Oktoba hakuulizwa. Aliambiwa mahali pa kujenga.

Matokeo yake tunayajua. Ulipofika mwaka 1991, waliokuwa wamefikiwa na maji safi vijijini walikuwa chini ya nusu. Hata waliofikiwa hawakudumu nayo, kwa maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haikuwa ikifanya kazi sawasawa. Upungufu wa dizeli na vipuri ulichangia, hilo hatulikatai. Lakini pampu ilipoharibika wanakijiji walisema kwamba mashine ni ya serikali, na serikali ndiyo itakayokuja kuitengeneza. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanaitaka, na wanaitaka ikae wapi.

Haikuwa kwamba njia nyingine haijulikani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio hiihii kuwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Vyoo vilichimbwa na majani yakafyekwa. Kampeni ile ilikuwa na upungufu wake, kwa sababu majibu yalikuwa yameandikwa kabla ya vikundi kuketi. Lakini angalau watu waliketi. Hatua mbele zaidi ilipigwa Bagamoyo, kule njia ya misafara ilikoanzia. Kati ya mwaka 1975 na 1979 utafiti ulioitwa Jipemoyo, uliofanywa na Watanzania na Wafini, uliamua kwamba mtafiti asije na karatasi ya maswali na kuondoka nayo, bali aketi na wakulima na wafugaji, na wenyewe waeleze shida yao na kutafuta njia ya kuitatua.

Na Unyamwezini je? Baada ya vita vya Kagera silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukazidi. Mwaka 1982 wananchi wa Kahama na Nzega hawakungoja mpango kutoka juu. Walikutana, wakachagua viongozi wao, wakaafikiana juu ya filimbi, mwano, pinde na mishale, na Sungusungu ikazaliwa. Ikaenea haraka, na mwaka 1989 sheria ikaitambua. Hiyo ni huduma ya umma iliyobuniwa na wananchi wenyewe.

Lakini tusiipambe. Baadhi ya vikundi hivyo viliwatesa watu, wakiwamo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Aliyeumia ni yule ambaye hakuwa na sauti katika mkutano. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba wananchi wameamua. Yatupasa tuulize ni wananchi gani. Mkutano wa maji wanaokaa wanaume peke yao, ilhali ndoo inabebwa na mama na binti, haujawauliza wenye maji.

Wapo wataalamu watakaosema kwamba mwananchi hajui mambo ya miamba na mabomba. Ni kweli. Mhandisi anajua maji yaliyo chini ya ardhi, lakini mwenyeji anajua kisima kipi hukauka, njia ipi haipitiki usiku, na ukoo upi utakataa kuteka maji kwa jirani. Mradi unahitaji elimu zote mbili, na unazihitaji kabla ya mchoro kukamilika.

Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa, uliojengwa kwa mkopo kutoka India, unaoleta maji ya Ziwa Victoria Igunga, Nzega na Tabora, mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Ni neema kubwa. Ila bomba kuu likishafika mjini, bado yapo maamuzi madogo yanayomgusa mtu wa Gongoni kila siku: kioski kiwekwe wapi, kifunguliwe saa ngapi, bei ya ndoo iwe ngapi, na mama akilalamika amlalamikie nani.

Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi mkutano wa mtaa usiitishwe kwa ajili ya kusomewa taarifa na kutajiwa michango. Uitishwe mapema, wakati mchoro bado unaweza kufutwa. Na sisi wananchi twende. Anayebaki nyumbani siku ya kuamua asishangae akiitwa siku ya kuchimba mtaro.