Mvua, upepo na pauni: miaka zaidi ya mia ya baiskeli kati ya Land's End na John o' Groats

Machi si mwezi wa kuendesha baiskeli kaskazini mwa Scotland. Usiku bado ni mrefu, lami hushika barafu, na upepo utokao baharini haukuti hata mti wa kuupunguza kasi. Lakini mwanzoni mwa Machi 2010 wachekeshaji na watangazaji saba wa Uingereza walikusanyika John o' Groats, kijiji cha pembe ya kaskazini-mashariki, wakaanza kuteremka kuelekea Land's End, pembe ya kusini-magharibi. Walikuwamo David Walliams, Davina McCall, Jimmy Carr, Miranda Hart, Fearne Cotton, Russell Howard na Patrick Kielty. Waliendesha kwa kupokezana, usiku na mchana, kwa siku kama nne, na safari hiyo ikaipatia kampeni ya hisani ya Sport Relief zaidi ya pauni milioni 1.

Kalenda ya televisheni ndiyo iliyowatupa katika baridi hiyo. Usiku wa Sport Relief ulipangwa kurushwa tarehe 19 Machi, kwa hiyo safari ilipaswa kukamilika kabla. Na majira ya baridi ya mwaka huo yalikuwa makali kuliko yote ambayo Uingereza ilikuwa imeyaona kwa takriban miaka 30. Watu waliozoea kuwatazama saba hao wakiwa wamependeza chini ya taa za studio, sasa waliwaona wamejikunyata barabarani gizani. Simu zikapigwa, fedha zikatumwa.

Njia yenyewe ilikuwa imechakazwa na magurudumu muda mrefu kabla ya televisheni kuwapo. Kwa barabara zinazotumika sana ni maili 874, kama kilomita 1,400, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba. Wanaokwepa malori kwa kupita vijijini hufikisha maili 1,000. Jina la John o' Groats linatokana na Jan de Groot, Mholanzi aliyeendesha kivuko cha kwenda visiwa vya Orkney mwishoni mwa karne ya 15. Wapimaji ramani watakwambia kwamba ncha halisi ya kaskazini ya bara la Uingereza ni Dunnet Head, na ya kusini ni Lizard Point. Hilo halijawahi kuwashughulisha waendesha baiskeli. Walitaka pembe mbili zilizo mbali zaidi kwa barabara, wakazipata.

Mwezi Juni 1873 wanaume wanne wa klabu ya baiskeli ya Middlesex walitoka London wakafika John o' Groats baada ya siku 15. Hawakuwa wakishindana na yeyote. Walitaka kujua kama chombo hicho kipya, ambacho wengi walikichukulia kuwa mchezo wa vijana wa mjini, kinaweza kumfikisha mtu mbali. Matairi yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo ndani, maana John Boyd Dunlop wa Belfast alipata hataza ya tairi lake la kujazwa upepo mwaka 1888. Na barabara zilikuwa mbaya kwa sababu ya maendeleo: reli ilikuwa imeua biashara ya magari ya farasi ya masafa marefu, na barabara kuu za zamani zikabaki na mashimo na matope bila mtu wa kuzijali. Miaka saba baadaye, mwaka 1880, Blackwell na Harman wa klabu ya Canonbury waliendesha kutoka pembe hadi pembe kwa siku 13.

Kisha akaja kijana wa miaka 19, George Pilkington Mills. Mwaka 1886 alimaliza njia yote kwa siku 5, saa 1 na dakika 45, tena juu ya baiskeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Katika baiskeli hiyo pedali zimefungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na mpandaji anakaa juu yake, kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Akigonga jiwe, hurushwa mbele kichwa kikitangulia. Ukisoma muda wake leo, fikiria na utelezi wa matope ya Cornwall, mkoa iliko Land's End, chini ya gurudumu hilo. Mimi huona kwamba hakuna rekodi ya baadaye inayoupita ushujaa wa Mills, ingawa saa zimepungua sana.

Tangu enzi hizo kila anayeipanga safari hii huanza na swali la upepo. Upepo unaotawala Uingereza hutoka kusini-magharibi ukiwa umebeba unyevu wa bahari ya Atlantiki, ndiyo maana wengi huanzia Land's End ili uwasukume mgongoni. Wale saba wa 2010 walielekea upande wa mbisho. Unyevu huo hudondoka kwenye milima ya magharibi: kijiji cha Seathwaite, katika milima iliyo magharibi mwa njia hii, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara tatu ya Dar es Salaam.

Lakini kipimo hakisemi yote. Mvua yetu huja kwa kishindo. Mtu hujibanza barazani, hungoja, hutoka. Huko inaweza kunyesha rasharasha kutwa nzima, na hakuna maana ya kungoja. Mwendesha baiskeli hutengeneza upepo wake mwenyewe kwa mwendo, na upepo huo ukipita kwenye nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili upesi. Kupanda ni afadhali, kwa kuwa misuli inafanya kazi na damu inachemka. Hatari iko kwenye mteremko, kama ule wa Berriedale karibu na mwisho wa kaskazini: miguu imepumzika, kasi imeongezeka, vidole vimekufa ganzi na havihisi tena mkono wa breki. Breki za kubana rimu nazo zikilowa hutelezesha kwanza kabla ya kushika. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huanza kuzungumza kwa kukokota maneno na kufanya maamuzi mabaya, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Hapo ndipo rafiki anapohitajika. Katika hali ya hewa nzuri faida ya kuwa na wenzako ni ya hesabu tu: anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake, na kundi likipokezana nafasi ya mbele kila mmoja hufika mbali zaidi. Katika mvua hesabu hiyo ina gharama, kwa sababu gurudumu la aliye mbele yako linakumwagia maji machafu usoni. Ndiyo maana vilabu vingi vya Uingereza vinasisitiza madigadi marefu wakati wa baridi. Asiye nayo huambiwa akae mwisho. Muhimu zaidi, mwenzako anakuona midomo ikigeuka rangi kabla wewe hujagundua, na anakulazimisha uingie mkahawani unywe chai ya moto.

Washindania rekodi walichagua njia nyingine. Chama cha kuthibitisha rekodi za barabarani kiliundwa mwaka 1888, na kanuni zake humtaka mtu apambane na upepo bila kujificha nyuma ya mwingine. Mwaka 1954 Eileen Sheridan, mwanamke mwenye kimo cha kama sentimita 150, alifika John o' Groats kwa siku 2, saa 11 na dakika 7. Viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge kutokana na usukani. Alipumzika kidogo, akarudi barabarani hadi akatimiza maili 1,000 kwa siku 3 na saa 1, rekodi iliyosimama kwa miaka 48. Andy Wilkinson alivunja rekodi ya wanaume ya pembe hadi pembe mwaka 1990 kwa tofauti ya sekunde 58 baada ya saa 45 za kuendesha. Mwaka 2018 Michael Broadwith alitumia saa 43, dakika 25 na sekunde 13. Shingo yake iliishiwa nguvu kabla ya mwisho, ikambidi aegemeze kidevu kwenye mkono ili aione barabara.

Nawaheshimu watu hawa kwa moyo wote. Hata hivyo si wao walioifanya njia hii kuwa mali ya watu wa kawaida. Kilichofanya hivyo ni mchango.

Mwaka 1977 mchezaji wa kriketi Ian Botham alikwenda hospitali ya Taunton kutibiwa jeraha, akaona watoto wanaougua saratani ya damu, baadhi yao wakiwa hawatarajiwi kupona. Jambo hilo halikumtoka. Mwaka 1985 alitembea kwa miguu kutoka John o' Groats hadi Land's End na kukusanya karibu pauni milioni 1 za utafiti wa ugonjwa huo. Hakupanda baiskeli, lakini aliwaonyesha Waingereza kwamba njia ya zamani ya rekodi inaweza kubeba shughuli nyingine. Marekani walikuwa wametangulia kidogo: mwaka 1980 Billy Starr, aliyempoteza mama yake kwa saratani ya ngozi, aliongoza waendesha baiskeli 36 kuvuka jimbo la Massachusetts kwa siku mbili. Walipata dola 10,200 kwa ajili ya kituo cha saratani cha Dana-Farber. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, hufanyika kila mwaka hadi leo, na jumla ya michango yake imepita dola bilioni 1.

Wapo wanaouliza: kwa nini usitoe fedha tu, ukabaki nyumbani pakavu? Swali ni la haki na nimelisikia hata hapa kwetu, kuhusu Kili Challenge iliyoanza mwaka 2002, ambamo watu huupanda Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Jibu langu ni kwamba mchango hauanzi na fedha. Sisi tuliokulia kwenye harambee na kamati za arusi tunajua kuwa mtu hutoa akimwona anayemwomba naye ametoa. Mtu wa kipato cha kawaida hana milioni za kutoa. Ana miguu, ana likizo ya wiki mbili, na ana marafiki mia wanaomfahamu. Akisema ataendesha maili 900, wanaahidi kidogo. Wakisikia amelala na nguo mbichi na kesho yake amepanda tena, wanaongeza. Mvua ndiyo inayowathibitishia kwamba hakwenda kutalii.

Upande mwingine wa jambo hili unauma, na lazima usemwe. Mwaka 1994 Dan Pallotta alianzisha California AIDS Ride, siku saba kutoka San Francisco hadi Los Angeles, wakati ugonjwa ulikuwa ukiua vijana kwa maelfu na dawa za mseto hazijafika. Maelfu ya watu walijifunza kuendesha baiskeli kwa ajili ya rafiki aliyekufa au anayekufa. Lakini kuwahamisha watu hao kila siku pamoja na mahema, jiko, maji ya kuoga, mafundi na madaktari kunahitaji fedha nyingi, na wachangiaji wakaanza kuuliza ni kiasi gani cha dola yao kinamfikia mgonjwa. Mwaka 2002 mashirika mawili ya San Francisco na Los Angeles yaliyokuwa yakinufaika yaliachana na kampuni ya Pallotta, yakaanzisha safari yao wenyewe, AIDS/LifeCycle. Kampuni ikafungwa mwaka huohuo. AIDS/LifeCycle iliendelea hadi 2025, ilipofanya safari yake ya mwisho. Gharama za uendeshaji zilikuwa miongoni mwa sababu.

Uingereza imelitafutia suala hilo la gharama njia mbili. Ipo Ride Across Britain, iliyoanza 2010, ambayo huwapeleka mamia ya watu kutoka pembe hadi pembe kwa siku tisa. Mshiriki hulipa ada ya mahema na chakula, kisha kuchangisha ni juu yake. Na yapo makundi madogo ya marafiki, ambayo kwangu ndiyo moyo wa historia hii. Wanaazima gari dogo, mmoja wao asiyeweza kuendesha baiskeli anashika usukani na kubeba soksi kavu, taulo na birika. Siku ya upepo mkali wanafupisha, siku ya jua wanafidia. Kitanda na chakula kila mmoja hulipa mfukoni mwake. Ukurasa wa michango, ambao tangu 2001 huweza kufunguliwa mtandaoni, hubeba jina la hospitali, la kituo cha wagonjwa mahututi au la shirika la utafiti, na aliyeahidi humlipa mlengwa bila fedha kupita mikononi mwa waendesha baiskeli.