Deni Lililolipwa Hadharani: Ushuhuda wa Kila Siku katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Historia ya Ukristo katika ukanda wetu imeandikwa zaidi kwa kufuata nyayo za misheni: makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, watu waliobatizwa. Makala hii inafuata nyayo za mdeni anayerudi kwa mdai wake. Inajenga hoja kwamba Uamsho wa miaka ya 1930, ambao chimbuko lake kuu lilikuwa Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulienea kwa sababu waumini wake waliitoa imani mimbarini na kuiingiza katika hesabu za nyumba, za kazi na za ujirani. Humo ndimo ulimopata nguvu, na humo pia ndimo ulimokomea.

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana huko Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini. Masimulizi mengi huanzia kwa daktari huyo. Hata hivyo, waliouingiza Uamsho katika maisha ya watu ni Waafrika waliofanya kazi pale, wakiwemo Yosiya Kinuka, mhudumu wa hospitali, na Blasio Kigozi, mwalimu na mdogo wake Nsibambi, aliyefariki mwaka 1936. Waliookoka, yaani Balokole kwa Kiganda, waliungama dhambi kwa kuzitaja moja moja. Kisha walitakiwa kurekebisha. Mali ya mwajiri iliyoibwa ilirudishwa, madeni ya zamani yakalipwa, mume akamwomba mkewe msamaha. Jirani asiyejua lolote kuhusu teolojia aliweza kuupima ushuhuda huo, kwa kuwa kilichorudishwa alikishika mkononi.

Si wote waliofurahi. Wazee waliona siri za nyumba zikianikwa, na viongozi wa kanisa waliona utovu wa nidhamu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa katika mgogoro uliohusu pia mikutano yao ya sala ya alfajiri. Wakati huo vikundi vya wahubiri vilikuwa vimekwisha kufika Kenya, tangu 1937, na Tanganyika. Kila walipofika, neno ndugu lilivuka mpaka wa ukoo na wa kabila. Hata mmisionari Mzungu aliitwa hivyo, jambo lisilo dogo chini ya utawala wa kikoloni.

Nchini Kenya udugu huo ulipimwa baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Waumini wengi wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao walikataa pia bunduki za serikali. Walishukiwa na pande zote mbili, na wapo waliouawa. Uaminifu wa mambo madogo, kama kurudisha kilichoibwa, ulikuwa umewazoesha kulipa gharama mbele ya macho ya watu.

Lakini mtafiti wa Uamsho hawezi kuuruka mwaka 1994, wala kuridhika na jibu kwamba wauaji hawakuwa Wakristo wa kweli. Jibu hilo ni jepesi mno. Katika miaka ileile ya 1930 ambapo watu wa Gahini walikuwa wakiungama wizi na chuki, utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukiandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa katika vitambulisho. Maungamo yalikuwa na jina la kitu kilichoibwa na la mtu aliyekosewa. Hayakuwa na jina la kosa lililofanywa na karatasi ya serikali. Nidhamu iliyomfundisha mtu mmoja kulipa deni lake haikuwa na njia ya kulihesabu deni la kundi kwa kundi.

Washauri wa sera watalitambua tatizo hilo katika mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012. Sidai kwamba zilitokana na Uamsho. Zina asili yake katika mila za Kinyarwanda. Hata hivyo nazo zilisimama juu ya kukiri hadharani na, kwa kesi za mali, juu ya fidia. Wengi walikiri. Wengi wa waliotakiwa kulipa hawakuwa na cha kulipa, na waliokuwa wakiwadai wakabaki kuwa majirani zao.