Kumbe Pampu ya Kwanza ya Tanki la Bahari Ilikuwa Dada wa Kazi!

Rangwi ni mlimani bana. Wilaya ya Lushoto, Usambara ya Magharibi, ukungu asubuhi, viazi na kabichi mashambani, na mwezi wa saba bila sweta hutoki nje. Ukitaka kuona maji ya chumvi kutoka kule unashuka Lushoto mjini, unapita Soni, unatokea Mombo, halafu Korogwe, Segera, Muheza, ndo unafika Tanga. Hiyo ni safari ya kujipanga.

Ila bando halijui mlima. Kijana wa Rangwi anafungua simu na kukutana na zile video: boksi la kioo juu ya meza, taa ya bluu, matumbawe ya zambarau na kijani, Nemo wawili wanacheza kwenye anemoni. Ni sebule ya mtu, lakini unaona kama upo chini ya bahari. Wengi wakishaona hivyo wanauliza kitu kimoja tu: bei gani?

Bei utaipata, mtandao umejaa. Ambacho hakisemwi sana ni nani hasa aliyewezesha bahari kukaa ndani ya kioo. Vitabu vinataja mabwana na mabibi wa Ulaya. Ukisoma taratibu unagundua nyuma yao kulikuwa na watu waliofanya kazi yenyewe kwa mikono, na majina yao hayapo.

KIOO KILIANZA NA MAJANI

Kabla ya samaki, kioo kilikuwa cha mimea. Kwenye mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alifunika chupa yenye udongo akisubiri nondo atoke kwenye kifukofuko chake. Badala yake akaona jani la jamii ya kangaga limeota lenyewe humo ndani, bila mtu kumwagilia. Maji yalikuwa yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanarudi chini. Kutokana na hilo yakatengenezwa masanduku ya kioo ambayo yalibeba mimea hai kwenye meli kwenda kila kona ya dunia.

Usambara inajua vizuri mchezo wa mimea kuchukuliwa na kwenda kupamba nyumba za watu mbali. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikutana na ua dogo la zambarau la maeneo haya, akalipeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, yani jina la ukoo wake. Leo ua hilo lipo kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima. Msambaa aliyekuwa analipita kila siku akienda shambani, jina lake halikuandikwa popote.

Mambo hayo hayo yalishatokea kwenye tanki la bahari, miaka karibu 50 kabla.

LONDON, 1846

Anna Thynne alikuwa mke wa kiongozi wa kanisa pale London. Mwaka 1846 akiwa mapumzikoni Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, alivutiwa na matumbawe madogo ya maji baridi. Akayaweka kwenye mtungi wa maji ya bahari, akarudi nayo mjini.

Tatizo likaanza. London haipo baharini. Maji ya chumvi yalikuwa yanasafirishwa kutoka pwani, na yakikaa siku chache yanachafuka. Bibi huyu akapata wazo: maji yaleyale yatumike tena, lakini kwanza yamiminwe kutoka chombo kimoja kwenda kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi, ili yaingie hewa.

Wazo ni la bibi, ila aliyeshika vyombo ni dada wa kazi. Miminia huku, rudisha kule, kila mara maji yanapotakiwa. Miaka baadaye, mwaka 1859, Anna Thynne alipoandika maelezo ya kazi hiyo alimtaja binti huyo kwa maneno machache tu, kwamba aliifanya kwa moyo na kama mchezo. Jina hakuliweka.

Sasa fikiria vizuri alichokuwa anafanya yule binti. Maji yakimiminwa yanavuta oksijeni kutoka hewani na kutoa kaboni dayoksaidi. Hiyo ndo kazi ya pampu kwenye kila tanki unaloliona TikTok leo. Mwaka 1847 bibi akaongeza mwani ndani ya maji, nao ukawa unatengeneza oksijeni ukipata mwanga. Matumbawe yale yakaishi karibu miaka mitatu, mbali kabisa na bahari. Bila mikono ya yule dada yasingefika hata huo mwaka wa mwani.

FASHENI IKALETA HASARA

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholifanya neno "akwariamu" kuwa maarufu, na mwaka huohuo akachapisha namna ya kutengeneza maji ya bahari nyumbani kwa kuchanganya chumvi za aina nne. Hapo mambo yakafunguka. Mtu asiye na bahari akaweza kuwa na bahari.

Ikawa fasheni. Watu walivamia fukwe za Uingereza na nyundo na ndoo, wakibandua kila kilichoshika mwamba. Baadaye mtoto wa Gosse aliandika kwa uchungu jinsi fukwe zilizokuwa zimejaa uhai zilivyobaki tupu. Baba yake alikuwa anaipenda bahari kweli, lakini mapenzi yake yalivyosambaa kwa watu wengi yakaiumiza.

MAWE YANAYOFANYA KAZI USIKU NA MCHANA

Kwa miaka mingi baada ya hapo matumbawe ya maji ya joto yalikuwa yanakufa tu kwenye matanki. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika kwenye jarida la Marekani kuhusu njia yake: maji halisi ya bahari, mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake, mapovu ya hewa na mwanga. Basi. Baadaye Wajerumani wakaiboresha, hasa Berlin, kwa kuongeza mashine inayotoa uchafu kwa njia ya povu. Baadaye mtindo huo ukaingia Marekani pia.

Siri ya mawe ni bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Makundi haya yanahitaji kama wiki nne mpaka sita kujijenga. Ndo maana anayenunua tanki Jumamosi na kutia samaki Jumapili huwa anazika samaki Ijumaa. Mvumilivu hula mbivu, na hapa sio methali ya kupambia maneno.

WAZAMIAJI WA PWANI YETU

Tuje karibu na nyumbani. Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo kadhaa. Vijana wa Pwani wanazama na nyavu ndogo, wanakamata samaki mmoja baada ya mwingine bila kuwaumiza, maana samaki aliyejeruhiwa hana soko. Mzigo unafungwa kwenye mifuko yenye oksijeni, unapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Dukani kule kibandiko kinaandika aina ya samaki na nchi aliyotoka. Mzamiaji haandikwi, na bei aliyolipwa ufukweni ni sehemu ndogo ya bei ya dukani.

Kwenye mzigo huo yumo samaki mdogo mwenye mstari mweusi na rangi ya bluu, anayesafisha wenzake kwa kula wadudu wa kwenye ngozi zao. Kwenye mwamba ana wateja siku nzima. Kwenye tanki dogo wateja hakuna, wengi wanakufa njaa.

Na miamba yenyewe imeshachoka. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi upande huu wa Bahari ya Hindi. Tanga imeteseka na baruti za wavuvi haramu kwa muda mrefu. Kule Kuruwitu, Kilifi, wananchi waliona samaki wanaisha, na moja ya malalamiko yao ilikuwa ukusanyaji holela wa samaki na matumbawe ya mapambo. Mwaka 2005 wakaamua kufunga kipande cha bahari yao wenyewe, na samaki wakaanza kurudi. Nao wengi wao huwezi kuwakuta kwenye kitabu chochote.

SASA KIJANA WA RANGWI AFANYEJE?

Inawezekana. London ya 1854 haikuwa na bahari, na Rangwi pia. Tanki la lita 60 linahitaji kama kilo 2 za chumvi maalumu ya bahari, gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya mezani haifai, haina kalisi na magnesi ya kutosha ambayo tumbawe linatumia kujenga mifupa yake. Maji yakipungua kwa mvuke unaongeza maji baridi tu, maana chumvi haipai, inabaki. Joto liwe nyuzi 24 mpaka 27, kwa hiyo kwa baridi ya Usambara hita sio anasa. Anza na mawe, subiri wiki zako, ndo ulete samaki.

Umeme ukikatika? Chukua jagi. Chota, mimina kutoka juu, rudia. Ni kazi ileile ya mwaka 1846, na bado inaokoa tanki.

Matumbawe magumu yote yapo chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kwenda kubandua mwamba Tanga sio njia. Wapo Nemo waliozaliwa kwenye matanki, na vipo vipande vya matumbawe vilivyokuzwa kwenye matanki ya watu. Hao na hivyo ndo vya kuanza navyo.

Kwa hiyo mdau, siku ukisimama mbele ya muuzaji, ulizia bei kama kawaida. Halafu ongeza maswali mawili: huyu samaki katoka wapi, na aliyemkamata alilipwa shilingi ngapi? Muuzaji akikosa jibu, rudi na hela yako mfukoni.