Farasi aliishia Kingaru, punda ndiye tunaye

Leo siasa za hapa makao makuu tuziweke pembeni kidogo, tuongelee farasi. Najua kuna mtu anauliza, farasi na sisi watu wa Ihumwa wapi na wapi? Subiri, tutafika.

Tuanzie Unguja. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa binti wa Sultani Seyyid Said. Mwaka 1886, akiwa Ujerumani na jina la Emily Ruete, alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Humo anaeleza jinsi watoto wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda wanyama. Kulikuwa na mwalimu, tena kwa ratiba. Wavulana wakishaiva walipewa farasi, wasichana walipewa punda weupe wakubwa kutoka Maskati.

Sasa kama farasi walikuwepo Unguja, mbona huku bara hawakuenea? Kuna mtu alijaribu kuja nao. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, akiwa na farasi wawili, mmoja kapewa na Sultani Barghash. Wote wawili walifia Kingaru, hata safari haijakolea. Kituko ni kwamba baada ya farasi wa kwanza kuzikwa, mkuu wa kijiji alidai faini, eti mnyama kazikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa! Stanley akamwambia basi tutamfukua tumwache juu. Mzee akaona yaishe. Mwezi Mei msafara ulipoingia Ugogo, wanyama waliobaki walikuwa punda.

Stanley mwenyewe anasema alikuta minyoo tumboni mwa mmoja wa farasi wale. Lakini kwa ujumla adui wa farasi huku kwetu ni wawili: mbung'o anayeeneza nagana, na visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi, ambao huua wengi wanaoupata. Punda anauvumilia zaidi ugonjwa huo. Ndiyo maana kule Lamu vijana hushindana mbio za punda, bila tandiko, na hapa Dodoma punda ndiye anayebeba maji, kuni na magunia.

Turudi kwa yule mwalimu wa Mtoni. Wenzetu wa Ulaya wana mashindano ya kuruka viunzi ambayo hata watoto wanashiriki, wakiwa juu ya farasi wadogo wenye mbio kweli kweli. Mtoto akiogopa, hufanya mambo mawili: huvuta hatamu bila kuachia na huubana mwili wa mnyama kwa miguu. Farasi naye huona anabanwa, anazidi kukimbia. Mwalimu hamwambii avute zaidi. Humwambia akae vizuri, avute kidogo kisha aachie, amzungushe duara mpaka atulie, na macho yake yaangalie kiunzi kinachofuata. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki Xenophon aliandika kwamba farasi hashughulikiwi kwa hasira. Elimu hiyo ni ya zamani mno, jamani.

Sasa linganisha. Mtoto wa sultani alipewa mwalimu kabla ya kupewa mnyama. Mtoto wa kwetu anakabidhiwa punda, madumu ya maji na fimbo, basi. Punda akikimbia anachapwa, akisimama anachapwa. Mtoto anajifunza kitu kimoja tu, kuchapa. Halafu tunasema punda ni mbishi!

Mwaka 2022 Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika nao ukachukua msimamo huo kwa bara zima. Safi sana. Ila sheria hiyo inamwokoa punda na kisu, fimbo bado iko palepale barabarani.

Maoni yangu ni kwamba somo la Mtoni halikuwa la farasi peke yake, kwani hata wale wasichana walifundishwa na wakapewa punda. Kumwonyesha mtoto namna ya kumtuliza mnyama hakuhitaji jumba wala hazina ya sultani. Kunahitaji mtu mzima mmoja mwenye subira, pale kisimani.

Je, wewe uliyekulia na punda nyumbani, nani alikufundisha? Naomba kuwasilisha.