Kamera Zilizokwisha Kutumika na Lenzi ya Zumu katika Historia ya Upigaji Picha

Vitabu vingi vya historia ya upigaji picha hupangwa kwa tarehe za uvumbuzi. Msomaji huanza na mwaka 1839, mbinu ya Daguerre ilipotangazwa mjini Paris. Hupita mwaka 1888, Kodak ya George Eastman ilipoanza kuuzwa. Hufika mwaka 1925, Leica ilipoonyeshwa katika maonyesho ya Leipzig. Kisha huingia katika zama za viwanda vya Japani. Mpango huo una faida zake, lakini una kasoro kubwa kwa yeyote atakaye kuzielewa picha zilizopigwa Afrika. Unahesabu umri wa chombo tangu siku kilipotoka kiwandani, wala si tangu siku kilipoingia mikononi mwa mtu aliyekitumia. Kati ya siku hizo mbili huweza kupita miaka kumi, ishirini, au zaidi, na katika muda huo kamera huwa imekwisha kubadili mabwana, imeanguka mara moja au mbili, imefunguliwa na fundi na kufungwa tena.

Makala haya yanahusu muda huo. Yanadai kwamba kamera kuukuu si mkia wa historia, bali kwa wapiga picha wengi wa bara hili ndio mlango walioingilia, na kwamba sura ya picha zao haiwezi kuelezwa vizuri bila kujua hali ya chombo walichokishika.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi kidogo. Kwa Waswahili wa pwani, mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa, hasa robota la nguo. Leo neno hilo, katika wingi wake mitumba, limekuwa jina la kila nguo iliyokwisha kuvaliwa, na limeenea hata kwa vitu vingine. Mjini Lubumbashi, ambako watu husema foto kwa picha na apareye kwa kamera, kitu cha namna hiyo huitwa kwa neno la Kifaransa, okazioni. Maneno ni tofauti, lakini yote yanataja biashara ile ile, na katika biashara hiyo mnunuzi hupewa chombo bila dhamana na bila kitabu cha maelezo.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Kongo ni Jean Depara. Alizaliwa mwaka 1928 huko Kibokolo, kaskazini mwa Angola. Mwaka 1950 alinunua kamera ndogo ya Adox, chapa ya Kijerumani, kwa nia ya kuweka kumbukumbu ya harusi yake tu. Hakuwa mwanafunzi wa mpiga picha yeyote. Mwaka uliofuata alikuwa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, akitafuta riziki kwa kazi nyingi kwa pamoja: kutengeneza baiskeli, kuuza vyuma chakavu, na kutengeneza kamera. Mwaka 1954 mwanamuziki Franco, ambaye sifa zake zilikuwa zikipanda, alimchukua awe mpiga picha wake. Depara akaingia katika baa na kumbi za dansi za mji, na kutoka humo zikatoka picha za usiku ambazo leo hutazamwa kama kumbukumbu bora za Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960. Baadaye, tangu 1975 hadi 1989, alikuwa mpiga picha wa Bunge. Alifariki mwaka 1997.

Katika wasifu huo, wanaoandika juu ya Depara hupenda kusimama kwenye muziki na mavazi, na hawakosei. Lakini neno linalostahili kupigiwa mstari ni kutengeneza. Mtu anayefungua kamera za wengine hujifunza yale ambayo muuzaji wa kamera mpya hahitaji kuyajua: chemchemi ipi hulegea kwanza, mafuta yapi hukauka, ni skrubu gani isiyofaa kuguswa. Baiskeli na kamera zina undugu zaidi kuliko zinavyoonekana. Zote mbili ni mashine za chuma, mikono na masikio vikiwa ndivyo vipimo vya kwanza.

Hali haikuwa mbali na hiyo huko Bamako. Seydou Keïta alikuwa kijana seremala alipoletewa mwaka 1935 Kodak Brownie na mjomba wake aliyetoka safari ya Senegal. Alifungua studio yake mwaka 1948, akitumia kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Malick Sidibé alianza kwa mfaransa mmoja mwenye duka la picha mwaka 1955, akanunua Brownie Flash mwaka uliofuata, na baada ya kufungua studio yake mtaani Bagadadji akawa pia fundi wa kamera. Rafu za studio hiyo zilijaa kamera zilizokufa, ambazo vipande vyake viliponya nyingine. Wageni waliomtembelea katika miaka ya baadaye walizipiga picha rafu hizo kama pambo. Kwake zilikuwa ghala ya vipuri.

Ni kazi gani hasa inayomkabili mtu asiye na mafunzo anaponunua kamera ya namna hiyo? Kwanza ni pazia la ndani, linalofunguka na kufunga ili filamu ipate mwanga kwa muda uliopimwa. Katika kamera nyingi za kimakanika pazia hilo ni la kitambaa chenye mpira. Kitambaa kikizeeka hutoboka vitundu vidogo kama vya sindano, na kila kitundu huacha doa jeupe katika picha. Mafuta yakiganda, mwendo uliandikwa 1/500 huwa 1/200, au pande mbili za pazia hazitembei sawa, na upande mmoja wa picha huwa na giza. Fundi mzoefu hufungua mgongo wa kamera, huielekeza dirishani, hubonyeza kwa kila mwendo na kusikiliza. Sikio lake ndilo saa yake.

Pili ni sponji nyeusi iliyobandikwa kuzunguka mlango wa filamu katika kamera nyingi za Japani za miaka ya 1960 na 1970. Baada ya miaka michache huwa kama lami, na mwanga hupenya. Dawa yake ni rahisi: uzi mweusi wa sufu na gundi kidogo. Tatu ni betri, na hapa historia ya sheria inaingia ndani ya kamera. Kamera nyingi za miaka hiyo zilipimia mwanga kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haibadiliki nguvu mpaka iishe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996, pamoja na zile za Ulaya za miaka hiyo, zilizifuta betri za zebaki kwa sababu ya sumu yake. Aliyebaki na kamera akaweka betri ya alkali ya volti 1.5, kipima mwanga kikasoma mwanga mwingi kuliko ulivyo, na picha zikatoka gizani. Chombo kizima kilifanywa yatima na kipande kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kwa sababu hiyo Zenit-E ya Kisovieti, iliyotolewa kwa wingi tangu 1965, ilikuwa na bahati ambayo waliokuwa wakiicheka kwa uzito wake hawakuiona: kipima mwanga chake cha seleni hakihitaji betri hata moja.

Zenit hizo zilikuja pia na fadhila nyingine. Nyingi kati yake zilikubali lenzi za hesi ya milimita 42, hesi iliyotumiwa kwanza Ujerumani ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchukuliwa baadaye na viwanda vingi, pamoja na Asahi Pentax ya Japani. Hivyo lenzi iliyotengenezwa Jena iliweza kufungwa katika kamera ya karibu na Moscow au ya Tokyo. Vita baridi viliigawa dunia. Hesi ile haikujali. Kwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika huu ulikuwa msaada mkubwa kuliko ubora wowote wa kioo, kwa kuwa kamera moja ikifa, lenzi zake huhamia nyingine.

Lenzi ya zumu ina historia ya peke yake. Ni lenzi inayobadilisha urefu wake wa fokasi, ikivuta kitu karibu au kukisukuma mbali, bila mpiga picha kuinua mguu. Clile Allen alipewa hataza ya wazo hilo huko Marekani mwaka 1902. Mwaka 1932 kampuni ya Taylor-Hobson ya Leicester ilitoa Cooke Varo, ya milimita 40 hadi 120, kwa ajili ya sinema. Frank Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alitengeneza Zoomar katika miaka ya 1940, ikatumiwa na televisheni kurushia michezo; na Pierre Angénieux wa Ufaransa alitoa mwaka 1956 zumu ya filamu ya milimita 16 ambayo watengenezaji wa filamu za habari waliipokea kwa furaha. Kwa kamera za picha za kawaida, ya kwanza kuuzwa ilikuwa Zoomar ya Voigtländer ya mwaka 1959, milimita 36 hadi 82, yenye vioo 14 na uzito wa karibu gramu 800. Mwaka 1963 ikafuata Nikon ya milimita 43 hadi 86, nyepesi na rahisi, iliyouzwa sana ingawa ilipinda mistari na kuogopa jua. Toleo lake la miaka ya 1970 liliboreshwa.

Yaonekana hapo kwamba zumu ilizaliwa kwa ajili ya sinema na televisheni, yaani kwa mtu asiyeweza kusogea au asiye na nafasi ya kubadili lenzi. Studio ya Keïta haikuwa na shida hiyo. Mteja alikaa mbele ya pazia, mara nyingine kitambaa cha kitandani chenye nyuzi pembeni, na kamera ilijulikana mahali pake. Wala mpiga picha wa dansi hakuihitaji. Lenzi ya kawaida ya Zenit, Helios ya milimita 58, hufunguka hadi f/2. Zumu ile ya Nikon haifunguki kupita f/3.5, maana yake mwanga unaopita ni theluthi tu. Katika ukumbi wenye taa mbili, theluthi hiyo haitoshi. Mwanachuoni anayesema kwamba wapiga picha wa miji ya Afrika walichelewa kuipata zumu anauliza swali baya. Kwa kazi yao, kukosa zumu hakukuwa ufukara.

Aidha zumu huzeeka vibaya. Lenzi ya kawaida ina vioo vinne au sita. Zumu ina kumi na zaidi, na kila uso wa kioo ni shamba jipya la kuvu. Mahali penye unyevu, lenzi ikikaa miezi katika mfuko wa ngozi, kuvu huota kama utando wa buibui na kula utandazo wa kioo. Ukisafishwa, alama hubaki. Mnunuzi mwenye busara huwasha tochi nyuma ya lenzi na kutazama kwa mbele. Zumu za kusukuma na kuvuta hulegea, hata lenzi ikiinamishwa huteremka yenyewe. Nyingine, zikifunguliwa na fundi asiyejua, hupoteza sifa iliyozifanya zumu: fokasi iliyowekwa vizuri kwa mbali huharibika lenzi inaporudishwa karibu. Yote haya hayaandikwi popote katika historia rasmi, kwa kuwa hayakutokea kiwandani.

Kutojali mambo haya kuna gharama. Mwaka 1991 maonyesho ya Africa Explores mjini New York yalionyesha picha za Keïta bila jina lake; zilihesabiwa kazi ya mpiga picha asiyejulikana wa Bamako. Jina lilirudi, na mwaka 1994 Fondation Cartier mjini Paris ilimpa Keïta maonyesho yake mwenyewe. Lakini picha zilizotundikwa na kuuzwa tangu hapo ni kubwa, zenye weusi mzito, ilhali wateja wa Bamako walipokea karatasi ya sentimita 13 kwa 18, ukubwa ule ule wa negativu, kwa sababu picha ilisafishwa kwa kugusisha karatasi na negativu bila mashine ya kukuzia. Kipimo cha picha kilikuwa kipimo cha kamera. Vivyo hivyo Keïta alizoea kupiga mara moja tu kwa kila mteja. Mtazamaji wa leo huita hiyo uhakika wa msanii, na alikuwa nao, lakini filamu pia ilikuwa na bei. Samuel Fosso, aliyefungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, alijipiga picha mwenyewe jioni kwa vipande vya filamu vilivyosalia, akazipeleka kwa bibi yake Nigeria. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifunza mwenyewe na kufungua studio mwaka 1962, alipotaka picha ambayo kamera yake haikuweza kuitoa, alitumia mkasi na kupiga mara mbili juu ya negativu moja. Hakuna hata mmoja kati yao anayeeleweka kwa tarehe za viwanda.

Rangi na mashine za kusafisha picha haraka ziliziua studio nyingi za picha nyeusi na nyeupe katika miaka ya 1980, na kamera za filamu zilianza kutupwa kwa wingi baada ya mwaka 2000, upigaji wa kidijitali ulipoenea. Kodak yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Hata hivyo kamera za kidijitali zisizo na kioo cha ndani, zilizoingia sokoni tangu 2008, zina nafasi ndogo kati ya lenzi na kihisi, na pete ya chuma ya bei nafuu huziwezesha kupokea hesi ya milimita 42. Helios iliyotengenezwa mwaka 1975 hufungwa katika kamera ambayo yenyewe imeizidi umri kwa miaka arobaini; tundu la mwanga huzungushwa kwa kidole, fokasi kwa mkono, na tochi bado huwashwa nyuma ya kioo kabla ya pesa kutolewa.